Jeep Yenye Kuvuta Zingine

Mujukuu wangu Neema,

Salamu toka huku kambini Dzaleka. Tuko wazima, shangazi yako anashona nguo za kwaya. Unauliza, kwa ajili ya batoto huko Lilongwe, muchukue jeep ya umbo la zamani, mwaka wake wa mwisho wa kutengenezwa, ao ya umbo mupya, mwaka wake wa kwanza.

Mi nikiwa kijana Uvira, baba naye alisita vile. Akaenda kukaa kwenye garage musimu muzima wa mvua, anaangalia tu. Zile mupya zilirudi toka Fizi zikivutwa na kamba. Zenye kuzivuta zilikuwa za umbo la zamani, za mwaka wa mwisho. Njo akanunua moja, na ikatubeba sote.

Mukikuja kututembelea, weka kamba ndani. Huku mvua imeanza, kuna bantu mutavuta njiani.

Babu yako