Karatasi ya Maoni Isiyo na Jina

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, na kitabu ulichonitumia mwaka huu nimekisoma mara mbili.

Jumamosi klabu yetu ya shule iliwaonyesha wazazi na majirani filamu ya maisha ya mwanamuziki wa jazi. Nilikukumbuka, maana nawe unapiga saksafoni huko ughaibuni. Mwishoni mwa filamu mwanamuziki huyo anarudi nyumbani na kumkumbatia mwanawe. Kinyozi wetu alicheka: "Bwana huyu anapuliza saksafoni, lakini nyumbani hajapuliza hata jiko."

Mimi nilikusanya karatasi za maoni, ambazo haziandikwi majina. Wengi walisifu muziki. Moja ilisema: "Uongo mtupu. Hakurudi kamwe kumwona mtoto. Alituma vitabu tu."

Mwandiko ni wa Mama. Nilimwambia taratibu, "Mama, mbona kwenye filamu hamna vitabu?"

"Nawe kwa maswali! Kaoshe vyombo."

Nikaenda kumuuliza Bibi wewe ni mwanawe wa ngapi. Alikohoa, akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Tena kwenye picha zake zote za zamani Mama yuko peke yake, hana kaka.

Sitaki kukukosea adabu, na pengine nimesoma riwaya kupita kiasi. Lakini karatasi ile nimeificha ndani ya kitabu chako. Tafadhali usinitumie kingine kabla hujanijibu.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, kama kweli Mama ni dada yako.