Uzi Ulionyamaza Olmotonyi

Mama, shikamoo.

Huku Olmotonyi ukungu wa Mlima Meru haujaondoka tangu nifike. Ule uzi wetu wa plastiki unaopitisha mwanga tuliubandika kwenye ufa wa nyumba ya Mama Neema, utuambie ukuta ukisogea. Lakini kule maabara, tulipouchora alama kwa leza ya urujuanimno, tuliumulika kupita kiasi ukawa mkavu, mwepesi kukatika. Leo umekatika kwa baridi.

"Uzi umesemaje?" Mama Neema akaniuliza, akinipa bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando.

"Umenyamaza."

"Basi tumshukuru Mungu." Akarudisha kitanda cha watoto kwenye ukuta ule.

Ikabidi nimweleze kwamba uzi umekatika, hata ukuta ukisogea hauwezi kutuambia. Akakiondoa tena, loshoro ikanishinda kula.

Nakukumbuka, mama. Mimi nikinyamaza, usishukuru. Niulize.

Mwanao, Elia