Shangazi Alivyokalishwa Nje

Mutheu mjukuu wangu,

Nyanya yako hajambo, bado ananigombeza vizuri. Paka amezaa ndani ya kofia yangu ya kanisani, kwa hiyo Jumapili nina udhuru.

Unaniuliza kama ni utovu wa adabu kuwakataza wageni huko India, baada ya wewe kupandikizwa uboho. Wafungie mlango!

Miaka ya themanini dada yangu Ndunge alirudi Nairobi kutoka Uingereza, akiwa na uboho wangu mifupani mwake. Daktari alituonya kwamba chembe mpya za kinga zilikuwa bado changa, na mafua tu yangeweza kumuua. Nikamwambia Ndunge chembe zangu zitakawia kujifunza, kama mimi darasani.

Lakini mtaa mzima wa Jericho ulitaka kumpa mkono. Nikapanga viti nje, chini ya dirisha la Ndunge. Shangazi yetu akaja na kibuyu cha uji, huku akikohoa.

"Nipishe nimkumbatie mtoto wangu."

"Msalimie kutoka hapa, Shangazi."

"Kwani umekuwa askari jela?"

"Jela kuna siku ya wageni. Hapa hakuna."

Akaniita mchawi, na majirani wakamuunga mkono. Sikusogea mlangoni. Ndipo Ndunge akapaza sauti kutoka ndani: "Shangazi, mimi nataka kuishi! Kaa hapo hapo unipe umbea!"

Shangazi akanikazia macho, akavuta kiti, akakaa. Umbea ule ulisikika mpaka mtaa wa Makongeni. Ndunge alipona, na leo ana meno mengi kuliko mimi.

Nawe jifungie, mama. Atakayenuna, mtume aje anunie hapa kwangu.

Babu yako mkorofi,
Mulwa