Dada Anadhani Masikio Yake Yameharibika

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana kila siku ninayonyamaza jambo hili linazidi kuota mizizi. Ninaishi na dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki, naye ni mpigaji muziki wa jumba la maigizo, na chombo chake ni sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, ya vipande vipande inayounganishwa kwa nyaya, na kipande kimoja ni cha kuhifadhia kodi, si ya mwenye nyumba, namaanisha noti kadhaa zinazolia pamoja, na dada alijitungia kodi nane za mchezo mpya, miezi mitano, noti hii anaipandisha kidogo, ile anaishusha, mpaka zikae anavyozisikia kichwani.

Mwezi uliopita alitoka, nikasema ngoja nami nijaribu kutunga yangu moja tu, nikabonyeza noti zangu, nikashikilia kitufe, taa ikapepesa, kumbe nimehifadhi juu ya kodi yake ya sita na ya zamani ndiyo imekwenda hivyo. Nikaiiga kwa sikio kutoka rekodi ya mazoezi iliyokuwa kwenye simu, nikakaa kimya. Aliporudi akaipiga mara tatu, akaniuliza kama naisikia imepinda. Nikamjibu, "Mbona iko vilevile, dada."

Tangu hapo hajiamini. Redio anaiweka sikio hili, anaihamishia lile. Kodi nyingine saba, zilizo nzima, ameanza kuzibadilisha akidhani nazo zimepinda. Jana kasema Alhamisi anamwona daktari wa masikio, na akitoka huko anamwambia mwongozaji atafute mpigaji mwingine. Alisema taratibu, anakunja nyaya: "Afadhali nitoke mwenyewe kabla hawajanitoa." Nilikuwa naosha vyombo, sikugeuka. Nikimwambia atanifukuza, nisipomwambia namzika mzima. Nifanyeje?

Mdogo Mtu

*

Mdogo Mtu, gazeti hutoka Jumamosi na Alhamisi yako haikuwa na subira, ndiyo maana Jumatatu nilikupigia simu. Niliyokuambia nayarudia hapa, kwa kuwa najua hauko peke yako.

Kitufe ulikikosea, na hilo humpata yeyote. Lakini mtu aliyekulea alikuuliza swali moja, ukamfanya aone kichwa chake kinamdanganya, kisha ukamtazama akihangaika na redio. Hapo sikuoneshi huruma. Unaogopa kufukuzwa, naye anaogopa kuwa kiziwi. Pima mwenyewe hofu ipi ni nzito. Nikakuambia umwambie siku hiyohiyo, umekaa, bila kilio cha kuombea huruma, na umtajie kwamba kodi zile saba zilikuwa nzima.

Ulichelewa hadi Jumatano, lakini ulisema. Umeniandikia kwamba hakukukaripia. Alikwenda kwenye chombo, akaipiga ya sita, akasema, "Noti ya juu. Nilijua ni ya juu." Akaisogeza kidogo tu, akaisikiliza, akajifungia chumbani. Miadi ya daktari ameifuta, mwongozaji hakuambiwa kitu, ila wewe hakusemeshi, na sasa unauliza utamlainishaje.

Usimlainishe. Mpe rekodi zote ulizonazo kwenye simu azirudishe zile saba. Chombo chake usikiguse. Msamaha usiudai wiki hii wala ijayo, na usimtume shangazi akakuombee. Siku atakapokuuliza tena kama unasikia kitu, hata kiwe kidogo namna gani, mjibu kweli, na mjibu papo hapo.