Ndunge na Njia ya Migombani

Jumatatu, 9 Februari 2026

Tumepeleka maombi ya kibali cha ukaazi cha Ndunge, mke wangu. Nimevaa koti la harusi — halifungi tena! Ndunge kacheka mpaka majirani wa mtaa wetu wa Pasua wakachungulia. Afisa wa uhamiaji, binti wa rika la mwanetu, kaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Kisha kafungua pasipoti, kanizika. Muhuri wa kuingia upo. Mwingine wa kuingia, miezi baadaye, upo. Wa kutoka katikati hakuna. Basi mama huyu alipitiliza muda wa kukaa, anasema, na rekodi hiyo inaharibu ombi la ukaazi.

Lakini hakuwepo nchini! Alikuwa kwao Oloitokitok, Kenya, akimuuguza mama yake; kurudi tu ndiko alikopitia mpaka rasmi.

Jumatano, 11 Februari

Nimepanda hadi Mkuu, kwetu mlimani, kwa mdogo wangu Leodegar. Ndiye aliyempeleka kwa pikipiki siku aliyoondoka, njia ya migombani, tunayopita kwenda gulioni ng'ambo ya mpaka. Sisi Warombo hiyo hatuiiti safari. Shangazi zetu wako kule! Nikamuuliza, na muhuri je? "Kaka, mkweo anakata roho, mimi nikapange foleni?" Kanipa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimekunywa. Ningemgombeza kwa lipi?

Ijumaa, 13 Februari

Ndunge hali chakula. Nguo kazifunga, kazifungua, kazifunga tena. Namtania: ukienda, na tumbo langu hili, nani atanifunga kamba za viatu? Hakucheka. Anataka tuseme ukweli. Upi, mke wangu? Kwamba hukupitiliza muda, ila ulivuka mpaka kwa kificho? Hapo tunamponza na Leodegar.

Jumatatu, 16 Februari

Nipo kwenye benchi la ofisi. Afisa aliuliza moja tu: miezi ile mama alikuwa wapi? Nikawahi — alikuwa kwangu, hajui sheria, kosa langu. Muongo mbovu, jasho mpaka masikioni. Ndunge kanishika mkono.

"Acha, baba Eunike. Mama yangu alifia mikononi mwangu. Siwezi kuandika kwamba sikuwepo."

Kaitwa ndani peke yake. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia. Anaeleza yote, mpaka korongo walilovuka, mpaka shuka alilomfunika mama yake. Hafichi hata kidogo, Mungu wangu!

Sasa afisa anauliza, taratibu kabisa: na aliyekuvusha ni nani?

"Yangu nimesema yote, binti," Ndunge anajibu. "La mwenzangu silisemi."