Mkono wa Fredy

Getrude, acha hiyo kazi unisome.

Fredy kanyoosha mkono kanisani. Fredy MUME WANGU. Mzee wa kanisa!!

Si tuna mwinjilisti mgeni kutoka Dar? Leo kahubiri upofu wa roho. Eti mtu anaweza kuimba mapambio yote, kumbe hajawahi kumwona Yesu. Nikasema moyoni, leo mwalimu wa kwaya Isdory kapatikana, mnafiki mkubwa yule.

Akatuambia wote tufumbe macho tuombe, asiye na imani anyooshe mkono, mtu asimtazame mwenzake. Nikafumbua jicho moja nimwone Isdory.

Isdory katulia tuli. Mkono ulio juu ni wa Fredy!

Mkono huohuo unaopitisha kapu la sadaka kila Jumapili! Mkono ulionivisha pete!

Kufika nyumbani nikamwashia moto. Hapa kisiwani Mafia Wakristo tunahesabika, halafu wewe ndiye wa kutuaibisha? Hata jirani yetu Mwislamu, Bi Biubwa, anakuita mtu wa dini!

Eti, "Devotha, dini ninayo. Imani ndiyo sina, na leo nimeiomba." Kama mtoto wa kipaimara! Na Jumapili ijayo anataka kusimama mbele aseme hayohayo. Uso wangu nitauweka wapi?

Nikamwambia waliokuona ni mimi na mwinjilisti tu, naye anarudi Dar, kwa hiyo nyamaza.

Akanitazama, kwa upole kabisa. "Na wewe, wakati sisi tunaomba, ulikuwa unamtafuta nani?"

Getrude, nimemwambia chai iko kwenye chupa.