Kioo Kinachoshika Kidole

Stratford, London
12 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Wundanyi, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Emma ametimiza miaka sita wiki jana, mapengo mawili mdomoni. Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu ni kwa Kiingereza tu.

Wewe husema simu inameza nusu ya maneno, basi nimekaa chini nikuandikie hili kwa kirefu.

Unamkumbuka Mama Kalpana, yule bibi wa Queensbury ninayemtunza? Amezaliwa Nakuru, na yeye na mumewe waliuza vitambaa huko miaka mingi. Macho yake yalizima miaka tisa iliyopita. Sasa chuo kikuu kimoja hapa kilikuwa kinatafuta wasioona wanaojua vitambaa kwa mkono, nikampeleka Jumanne. Mhandisi mwenyewe tukakuta ni mtu wa Mombasa, anaitwa Suhaib. Akaweka mezani kioo kama cha tableti, laini kama sahani iliyooshwa.

"Mama, pitisha kidole taratibu," akamwambia.

Mama Kalpana akapitisha. Akasita. Akarudia.

"Wewe danganya mimi," akasema. "Hii iko khaki."

Nikacheka, Baba, nikadhani uzee. Suhaib akaniambia nijaribu. Nilikiona kioo kwa macho yangu, hakina hata chembe ya uzi, lakini kidole changu kilikuwa kinapita juu ya khaki mpya, ile ngumu ya sare za shule. Akabonyeza kitu, ikawa jinzi. Akabonyeza tena, ikawa kioo. Nywele zilinisimama.

Anasema ni umeme mdogo sana, ule ule unaofanya sweta itatarike ukiivua kwenye baridi. Umefichwa chini ya kioo na unavuta ngozi ya kidole, unaachia, unavuta, mara mamia kwa sekunde, na ngozi inadhani imekutana na nyuzi. Kidole kikitulia husikii kitu. Mpaka kitembee.

Nikamwambia baba yangu ni fundi cherehani wa miaka arobaini. Akasema nikuulize unaonaje.

Binti yako,
Peris


Wundanyi
6 Novemba 2023

Mwanangu Peris,

Marahaba. Barua imefika na imenikuta mzima. Kikohozi kilikwenda na mvua. Mkumbatie Emma kwa niaba yangu.

Hayo ya kioo nimeyafikiria siku tatu nikiwa kazini. Sikatai. Lakini mwambie huyo Suhaib khaki ni rahisi. Khaki ukiipapasa kwenda au kurudi ni ile ile, haina siri. Mwulize mahameli. Mahameli ina malalo yake. Ukiipapasa kwa upande inakolala, mkono unateleza kama kwenye maji. Ukirudi kinyume, inakukatalia. Fundi asiyejua hilo atashona gauni ambalo mkono mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na mteja ataapa ni vitambaa viwili.

Kioo chake kikijua kwenda na kurudi, hapo nitavua kofia.

Usiache kula vizuri. Makaratasi yako ya uhamiaji yamefikia wapi?

Baba yako


Stratford, London
20 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Huku hatujambo, mafua tu. Makaratasi bado yako ofisini kwao. Nikitoka nchini kabla hawajajibu, ombi limekufa na sirudi tena. Basi tunangoja.

Nilimsomea Suhaib barua yako. Kisha akaniomba nimsomee tena pale pa kwenda na kurudi, akaandika mkononi kwa kalamu. Hawakuwa wamefikiria hilo! Watu wenye shahada tatu tatu.

Jana alituita. Kioo sasa kinatambua kidole kinaelekea wapi. Kikienda kulia umeme unalegea, kikirudi kushoto unashika. Hatukumwambia Mama Kalpana lolote. Akapitisha kidole mara moja kwenda, mara moja kurudi, akafunika mdomo.

"Mahameli," akasema. Kisha akaniuliza rangi. Nikamwambia hakina rangi, mama, ni kioo. Akasema, "Hapana. Nyekundu. Ilikuwa kwa rafu ya juu." Akalia, Suhaib akalia, na mimi nikawa napanguza kioo kisichohitaji kupanguzwa.

Kwa hiyo vua kofia.

Lakini Baba, barua yako ya mwisho mistari ilipandana. Mwisho wa ukurasa naona uliandika hadi juu ya meza, wino ulitoka nje ya karatasi. Na bahasha si mwandiko wako. Kuna nini?

Binti yako,
Peris


Stratford, London
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Barua mbili hujajibu. Kwenye simu unasema uko sawa kisha unampa shangazi. Shangazi naye anasema uko sawa, kwa sauti ile ya watu walioambiwa waseme hivyo. Nakuomba kwa jina la marehemu mama, niandikie.

Peris wako


Wundanyi
25 Juni 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Haya ni maneno yangu, mkono ni wa Godlisten, fundi viatu wa mlango wa pili, yule aliyetoka Moshi. Ndiye aliyeandika bahasha. Nimemwambia asinirekebishe.

Sioni, Peris. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, ikala taratibu kama mchwa, na hadi Septemba iliyopita ilikuwa imemaliza. Barua ile niliandika kwa kuweka kipande cha katoni chini ya kila mstari. Kumbe katoni ilikuwa inateleza.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungefunga mizigo siku hiyo hiyo, makaratasi ya miaka saba ungeyatupa, na mtoto ungemng'oa shuleni. Nilikosea. Lakini ningekosea tena.

Unajua yale ya mahameli? Nilishona miaka arobaini nikiamini ni macho yanayojua malalo ya kitambaa. Giza lilipoingia ndipo nikagundua ni kidole kilichokuwa kinajua muda wote, macho yalikuwa yanajisifu tu.

Kushona naweza bado. Kinachonishinda ni kuchora. Chaki haiachi alama ya mkono kuisikia. Nikichora mkono wa shati na kuinua kidole, mchoro umekufa. Miezi tisa sijakata nguo mpya, natia viraka tu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata giza.

Usije. Nimesema.

Baba yako


Wundanyi
9 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Godlisten anakusalimu, kalamu ni yake.

Suhaib uliyemtuma alifika. Alitoka kwao Mombasa asubuhi na begi kifuani kama mtu aliyebeba yai. Alinisomea barua yako, yote, hata pale uliponigombeza. Nimestahili.

Kisha akaweka kioo juu ya meza ya kukatia. "Mzee, hiki umekipa akili wewe," akasema. "Chora chochote."

Nikamwambia, hata nikichora sitajua nimechora nini. Akasema, chora.

Nikachora mkono wa shati. Nikainua kidole, na moyo ukaenda chini kama kila siku. Akanishika kifundo cha mkono akanirudisha mwanzo. Peris, mstari ulikuwa pale. Laini, laini, kisha unashika, na pale unaposhika ndipo nilipopita. Nikaufuata. Nikitoka nje kioo kinateleza, nikirudi kinanishika. Nikafika kwenye kwapa, nikakuta nimelichora pana mno. Nimeona kosa langu! Nililifuta nikachora upya.

Godlisten anasema nilikuwa naimba. Sikumbuki.

Alikaa siku nne, wakalala kwangu yeye na kioo chake. Alisema ni cha majaribio na lazima kirudi maabara, na mimi sikumzuia. Mungu aniruhusu niseme hivi: nimeona kitu ambacho baba yangu na babu yangu hawakukiota, na nimekiona bila macho.

Siku ya mwisho nilimchorea Emma gauni, ukubwa wa kukisia. Suhaib amelihifadhi ndani ya kioo. Wewe mkono wako wa kukata ni mzuri. Likate.

Baba yako


Stratford, London
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Makaratasi yametoka. Agosti tunakuja, mimi na Emma, na nimeshaomba likizo.

Jana Suhaib alituita maabara. Alitaka kuwasha taa ya kioo nione mchoro wako, nikamwambia aiache. Kilikuwa cheusi kitupu. Nikafumba macho nikaweka kidole.

Nilianzia begani nikashuka. Baba, unajua kwamba ukifika kwenye kwapa unasita kidogo, kisha unakunja kwa ghafla? Mimi sikujua. Nimekutazama ukichora tangu nikiwa na miaka minne na sikuwahi kujua. Kuko pale, kule kusita kwako.

Emma akauliza ni nini. Nikamwambia ni Babu amekuchorea. Akaweka kidole chake chini ya changu, akakitembeza, akakitoa haraka akicheka.

Akasema kwa Kiswahili, Baba, mara ya kwanza bila kulazimishwa: "Babu ananitekenya."

Binti yako,
Peris